Askari Waliokuja na Figo

Tarehe 3 Mei

Dada, shikamoo.

Najua unashangaa bahasha ya nini wakati simu ipo. Simu yako Mama anataka uiweke sauti kubwa ili na yeye asikie, na mimi nikisikia anavyopumua pale pembeni naishia kuchekesha tu. Nimeona nikuandikie. Ukimaliza kusoma ichane, au itie kwenye jiko lako la maji ya kufulia.

Kwanza habari njema, maana najua roho yako iko juu. Nimeanza kazi. Si kazi kubwa: saluni iliyo nyuma ya hospitali wamenipa kiti, nanyoa nusu siku, nimejifunika pua na mdomo mpaka wateja wananiuliza kama nimekuja kunyoa au kupasua. Mke wangu hakutaka. Nikamwambia kinyozi akikaa nyumbani ataishia kumnyoa paka.

Sasa hilo lingine. Kliniki ya wiki hii daktari amekuta kirusi kwenye mkojo wangu. Usishtuke. Anasema ni kirusi ambacho karibu kila mtu anakipata utotoni, kinajibanza kwenye figo, kinalala, mtu anazeeka nacho bila kujua. Kwangu kimeamka kwa sababu vile vidonge vya kuuzuia mwili usiikatae figo uliyonipa vinawalaza askari wa mwili. Kwa hiyo amesema tupunguze vidonge, nimeze nusu ya vile ninavyomeza sasa, ili askari waamke kidogo wafanye kazi yao. Dawa ya kukiua chenyewe hakuna ya kutegemea. Na faida nyingine, kasema, mikono itaacha kutetemeka, maana mitetemo hii ni ya vidonge. Unaona mwandiko ulivyo? Kama kuku kapita.

Figo yako inakusalimu. Ni kama wewe mwenyewe, haipumziki na haina adabu, inaninyanyua kitandani wakati wenzangu wanakoroma.

Mama asijue.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku


Tarehe 9 Mei

Kasuku,

Marahaba. Usiniambie nisishtuke. Ukiniambia nisishtuke ndipo nashtuka. Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye meza ya pasi, nikaunguza foronya ya hoteli, na mwenye hoteli ana mdomo kukushinda wewe.

Nieleze vizuri, mimi si mteja wako wa kunyoa. Walipokulaza kitanda hiki na mimi kile, daktari alituambia mbele ya Mama: vidonge hivi ni vya maisha, ukiviacha mwili wako utaiona figo kama mwizi. Yule jamaa wa kitanda cha dirishani alijiona amepona akaacha vyake, figo ikafa, tukamwona anarudishwa kwenye mashine ya kusafisha damu uso umevimba. Leo daktari yule yule anasema punguza? Amekosea yeye au umesikia vibaya wewe? Usiniambie unavyotaka nisikie. Niambie alivyosema.

Na hicho kirusi umekitoa wapi? Kama karibu kila mtu anacho, na mimi ninacho?

Mimi sijambo. Kovu linawasha hali ya hewa ikibadilika. Mashuka yaliyolowa sinyanyui, mama jirani anakuja kunikamulia. Mama anauliza kila siku kama umenenepa, na mimi nasema umenenepa. Usinifanye niwe mwongo bure, kula.

Umeshapunguza?

Dada yako


Tarehe 20 Mei

Dada, shikamoo tena, na pole kwa foronya.

Nimepunguza. Nilianza siku ile ile, hilo liondoe moyoni.

Nilimuuliza daktari kama ulivyotaka. Nikamwambia anayeuliza ni dada yangu, akacheka, akasema mwenye figo ana haki. Kanieleza hivi. Askari wa mwili si wote wanaozunguka kwenye damu. Wapo wanaozunguka, wale wa doria, sasa hivi wako mguuni, baadaye wako kichwani. Lakini wapo wengine ambao wakishapigana na kirusi mahali fulani, hawaondoki tena. Wanabaki pale pale: kwenye ngozi, kwenye mapafu, kwenye utumbo, kwenye figo. Wanaishi humo, wanapitapita humo, na sura ya adui wanaikumbuka. Adui akirudi hawasubiri mtu awaite kutoka mbali, wanamdaka mlangoni. Ndiyo maana unaweza kupima damu ya mtu usiwaone kabisa, ukadhani hana kinga, kumbe wamejaa ndani ya nyama.

Sasa sikia hili. Daktari anasema figo ilipotolewa kwako haikuja peke yake. Ilikuja na askari wake waliokuwa wanakaa humo. Wa kwako, dada! Wamehamia kwangu na mizigo yao! Kadiri siku zinavyokwenda wanapungua, na wa kwangu wanaingia kushika nafasi, lakini anaamini wengine bado wapo. Nilicheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Nikamwambia kirusi kimekwisha, hao wamelelewa na dada yangu, watakipiga pasi.

Kuhusu kilikotoka, achana nacho. Hospitali imejaa watu wanaopiga chafya, nitakuwa nimekiokota humu humu.

Kazini sijambo. Juzi nilikuwa namnyoa mwalimu mmoja mstaafu, mkono ukaruka nikamchuna sikio. Damu tone moja, kelele utadhani nimemchinja. Nikambandika plasta nikamwambia hiyo ni huduma mpya ya saluni. Alicheka, lakini leo nimemwona amekaa kiti cha mwenzangu.

Figo yako haijambo. Mwambie Mama nimenenepa.

Kasuku


Tarehe 4 Juni

Kasuku,

Leo sina marahaba.

Nilikwenda kwenye kipimo changu, si unajua nasi wenye figo moja tunachunguzwa. Daktari wa hapa hana haraka, nikamuuliza habari ya kirusi chako. Akaniambia bila kupepesa macho: mara nyingi hutoka kwa aliyetoa figo. Kimelala humo tangu utoto wake, figo ikihama na chenyewe kinahama. Yaani nilikupa mimi. Na wewe ulijua! Nitakuwa nimekiokota humu humu, eti. Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Kasuku? Mimi niliyekushika mkono ukaandika herufi ya kwanza?

Ninalia na nina hasira, sijui kipi kimetangulia.

Ila hilo silo linalonikosesha usingizi. Linalonikosesha usingizi ni sikio la yule mwalimu. Ulisema mwenyewe mikono inatetemeka kwa sababu ya vidonge, na vikipungua itatulia. Halafu ukasema umepunguza siku ile ile. Basi mkono uliruka kwa nini? Wewe hujawahi kumchuna mtu tangu ushike wembe. Baba ulikuwa unamnyoa ndevu amelala, anakoroma, na haamki. Nimezitoa barua zako mbili, ndiyo, sikuzichana, nikaziweka pamoja mezani. Mwandiko wa ile ya pili ni kuku yule yule, tena safari hii anakimbizwa.

Nina swali moja tu. Umepunguza au hujapunguza? Sitaki hadithi, nataka neno moja.

Dada yako


Tarehe 11 Juni

Wifi yangu mpendwa,

Salamu sana wewe na Mama. Mimi si mwandishi, jiko la shule limenizoesha kupima unga, maneno siwezi kuyapima. Utanisamehe.

Mdogo wako amelazwa tangu juzi. Hana homa, anatembea, anatania manesi, lakini vipimo vimekuwa vibaya. Kirusi kilikuwa kwenye mkojo, sasa kimeingia kwenye damu, na uchafu ambao figo ingeutoa unazidi kupanda. Daktari mwenyewe amechanganyikiwa. Anasema damu inaonyesha dawa iko chini kama alivyotaka, lakini kirusi kinakwenda utadhani hakuna wa kukizuia. Wiki ijayo watamchoma sindano watoe kinyama kidogo cha figo wakiangalie. Wasipoelewa, watabadilisha dawa zote. Ametaja hata kurudi kwenye mashine. Alipotaja mashine, mume wangu alicheka peke yake chumba kizima.

Barua yako aliipata. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Nikamuuliza dada anasemaje, akasema anasalimia.

Wifi, kuna jambo sijui nilibebe vipi. Nilikuwa nafagia chumba chetu nikakuta kopo la vidonge ndani ya buti lake la zamani. Ni lile alilopewa kabla ya kupunguziwa, lilikuwa limejaa pomoni, sasa limebaki kidogo. Nikakumbuka kitu. Siku ya kliniki asubuhi hamezi mpaka atolewe damu, hilo nalijua, ndivyo walivyotufundisha. Lakini na jioni ya kuamkia kliniki huwa hamezi. Niliona mara nyingi, nikadhani ndivyo alivyoagizwa.

Nikimuuliza atanipa utani. Nikienda kwa daktari nitakuwa nimemchoma mume wangu mwenyewe. Nimekaa na kopo mapajani. Niambie nifanyeje.

Wifi yako


Tarehe 13 Juni

Kasuku,

Nimekupigia simu hupokei. Nimempigia mkeo nikamwambia asikuulize kitu na asiende kwa daktari, kwenda ni kazi yako. Barua hii nampa kondakta mkononi, akuletee mpaka wodini.

Kwa hiyo hujapunguza. Unameza vyote, halafu siku ya kuamkia kipimo unaruka, ili damu yako imdanganye daktari. Nilipoelewa nilikaa chini kwenye sakafu ya sabuni. Ungekuwa karibu ningekuchapa kwa waya wa pasi, mtu mzima na ndevu zako.

Kisha nikaelewa na sababu, hasira ikapungua, haikuisha. Unaogopa. Unaogopa mwili wako usije ukaitupa figo ya dada. Uso wa yule jamaa wa dirishani haujakutoka. Basi ukaona bora uilinde mwenyewe kwa vidonge, daktari aseme anachosema. Na katika kuilinda umewalaza walinzi wote, wa kwangu waliokuja nayo na wa kwako, hakuna hata mmoja aliyesimama, kirusi kinakula kinavyotaka.

Nimesoma barua zako upya. Kila mahali ni figo yako, figo yako. Figo yako inakusalimu, figo yako haijambo. Unakaa nayo kama sufuria uliyoazima kwa jirani, unaogopa kuirudisha ina tundu. Mimi sikukuazima, mdogo wangu. Nilikupa! Nilipozinduka pale kitandani ubavu unawaka moto, sikuwaza itadumu miaka mingapi. Nilimuuliza nesi, amekojoa? Akasema amekojoa. Nikalala. Kwangu mimi jambo hilo liliisha pale. Ikifa kesho, itakuwa imekufa figo ya kinyozi mmoja mropokaji, na mimi sitamdai mtu.

Na kirusi nacho nilikupa bila kujua. Wewe sijakusamehe kwa kunificha, ila mimi mwenyewe nimeshajisamehe.

Sasa inuka hapo. Nenda kwa daktari kabla hawajakuchoma hiyo sindano. Mwambie yote, na zile jioni ulizokuwa unaruka. Usichekeshe. Akikutukana, tukanwa. Usipomwambia atakuwa anamtibu mtu mwingine kabisa, na figo itamfia mikononi akidhani amefanya sawa.

Nenda sasa.

Dada yako


Tarehe 22 Juni

Dada, shikamoo.

Nimesema.

Kondakta alinikabidhi barua mbele ya wodi nzima, akasimama kuningoja niifungue, sijui ulimwambia nini. Nilikwenda siku hiyo hiyo. Nilimkuta daktari anakunywa chai. Nilitaka nianze na mzaha ulimi ukagoma, ikabidi niyatoe kavu kavu. Aliweka kikombe chini akafungua faili langu. Dada, nilitamani anitukane. Mwisho akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema mke wangu na dada yangu. Akasema, washukuru, mimi nilikuwa nakaribia kukupa dawa ambayo ingeimaliza hiyo figo.

Kinyama wamekitoa, wamekiangalia. Kirusi kimekula sehemu, na palipoliwa pameanza kuwa kovu. Askari wa humo ndani wapo, ila wachache kuliko alivyotegemea. Sasa vidonge vimepunguzwa kweli, nameza mbele ya nesi, ananiambia fungua mdomo, inua ulimi, kama mtoto wa chekechea. Nimestahili.

Lakini hatari haijapita, na safari hii nakwambia nilivyoambiwa. Vidonge vikipungua wanaamka wote. Wale wakaazi wa kwenye figo tunawataka waamke. Ila na wale wa doria wanaamka, na hao wanaweza kuiona figo ni mgeni wakaivamia. Hakuna anayejua nani atatangulia. Jana nilipata homa. Daktari akaja mara mbili, akanibonyeza hapa chini kulia, akauliza panauma? Nikasema hapaumi. Akiondoka najibonyeza mwenyewe. Nimekuwa mtu wa kujisikiliza tumbo mchana kutwa, mwenzangu wa kitanda cha pili akiniongelesha simsikii.

Uliandika kwamba hutamdai mtu. Nimesoma pale mpaka karatasi imelainika. Nakiri nilikuwa nakuona kila nikimeza. Nilikuwa naona Mama anakuuguza ubavu, na mimi nimeitupa figo ndani ya mwaka.

Dada, naogopa. Mimi hapa, Kasuku wako, sijawahi kumwandikia mtu neno hilo. Naogopa sana.

Mdogo wako


Tarehe 30 Julai

Dada, shikamoo.

Nimetoka hospitali. Nakupa yote bila kutia sukari.

Homa ile haikuwa figo kukataliwa. Kirusi kimetoka kwenye damu. Kwenye mkojo bado kipo kidogo, kinapungua kila kipimo. Daktari anaamini walioanza kazi ni wale wanaokaa humo humo, wa kwako waliobaki na wa kwangu waliohamia, pamoja. Hawezi kuapa, anasema hakuna dirisha la kuchungulia. Lakini vipimo vya kwanza kuonyesha kinapungua vilikuwa vya mkojo, na nilipomuuliza kama ni askari wa dada alisema, sitashangaa.

Sasa upande wa pili. Palipokufa hapafufuki. Figo inafanya kazi kama nusu ya ilivyokuwa mwanzoni. Inaweza kunichukua miaka mingi, inaweza isinichukue. Ipo siku huenda nikarudi kwenye mashine, na dada mwingine wa kumwomba sina. Nilimuuliza daktari, kama ningepunguza siku ile ya kwanza? Akasema, pengine usingepoteza hata kidogo. Ameniambia nikiwa nimekaa na mke wangu pembeni. Na mimi nakwambia wewe.

Mama nimemwambia mwenyewe kwa simu, sauti kubwa. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza kama nakula.

Dada, nataka nikuulize jambo, na nakuomba usinijibu kwa huruma. Unajuta?

Mdogo wako


Tarehe 8 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nimekaa na swali lako. Nimefua nalo, nimeanika nalo, nimepiga pasi nalo. Sitakujibu kwa huruma.

Nilijuta. Siku ile wifi aliponiandikia habari ya kopo, nilijuta kwa roho yangu yote. Nilijishika ubavu nikasema, mtu huyu nimempa nyama ya mwili wangu, na yeye ameshindwa kunipa neno moja la kweli. Nilitamani irudi. Nilitamani ningempa mtu baki, au ningebaki nayo mwenyewe nikaoza nayo. Nilikuandikia yale ya sikukuazima huku bado najuta, ujue hivyo. Nilikuwa nataka uokoke, na nilikuwa najuta, vyote kwa pamoja.

Sasa umeniandikia kwamba imebaki nusu, na nusu nyingine umeiua wewe kwa kuogopa kunikosea. Nilipofika hapo niliiweka barua chini, nikangoja yale majuto yarudi. Nilingoja kweli. Mama akaniuliza mbona nimesimama na pasi hewani.

Hayakurudi. Nililia, ndiyo, nikalowesha shati la watu. Lakini kujuta sijuti.

Nusu hiyo ni yako. Kunywa maji.

Dada yako